Mjumbe wa Kiwanda cha Virungu

Sitaitaja nchi yenyewe, kwa sababu shingo yangu bado naitumia. Itoshe kusema kwamba viongozi wake walipenda kuiita Nchi ya Utulivu, na kwamba utulivu huo ulikuwa na kiwanda chake. Kiwanda kilikuwa katika mji wa Gogoni, na kilitengeneza kitu kimoja tu: virungu vya askari. Bunduki nchi ile ilikuwa nazo, tena nyingi na zenye kung'aa, lakini zilikuwa za gwaride. Wataalamu wa serikali walikwisha kugundua kwamba risasi ina mlio, na mlio huvuka mpaka bila pasipoti ukaingia masikioni mwa wageni, nao wageni hawana adabu, huuliza maswali. Kirungu hakina mwangwi. Hukisikia anayepiga na anayepigwa, basi. Mambo yanaishia nyumbani.

Riziki Mbonde alikuwa fundi wa kukereza katika kiwanda hicho. Miti ilimfikia ikiwa imeshapasuliwa na msumeno, naye akaizungusha kwenye mashine yake mpaka ikawa mviringo, laini, ya kupendeza kushika. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini, mama wa binti mmoja aitwaye Zubeda. Hakuwahi kumpiga mtu maishani mwake. Hata kuku wake alichinjiwa na jirani. Watu wakimuuliza kuhusu virungu, alijibu, "Mimi nakereza mti. Unakokwenda, mti wenyewe ndio unaojua."

Jirani yake kiwandani, kwenye msumeno wa duara, alikuwa Shamte, kijana mcheshi aliyekuwa akiimba kushindana na mashine. Asubuhi moja mti wenye fundo uliruka. Msumeno ulimkamata mkono wa kulia chini ya kiwiko, na ulipomwachia, mkono ulikuwa upande mmoja na Shamte upande mwingine. Damu iliruka ikatapakaa kwenye rundo la virungu vilivyokuwa tayari kwa Sikukuu ya Utulivu. Riziki alivua kanga yake, akaikaza juu ya kiwiko kwa nguvu zake zote, huku Shamte akimkodolea macho na kuuliza neno lile lile, "Da Riziki, uko wapi? Mkono wangu uko wapi?"

Meneja alikuja mbio. Alimruka Shamte, akapiga magoti mbele ya msumeno.

"Meno yake mazima?"

"Mazima, bosi," msimamizi akajibu.

Meneja akashusha pumzi, akapanda juu ya sanduku akahutubia. "Ndugu wafanyakazi! Leo tumenusurika. Mashine hii ni zawadi ya nchi rafiki, na leo imejaribiwa na mfupa wa mzalendo, nayo haikutetereka. Hata hivyo, yupo mtu aliyeichafua. Sheria ni sheria."

Ndipo Shamte, kabla ya kupakiwa kwenye gari la kwenda hospitali, alipochapwa viboko kwa kosa la kuchafua mali ya umma. Alipewa vichache tu, kwa kuwa alizimia, na kanuni zilitaka mchapwaji awe macho ili apate kujifunza.

*

Shamte alipopona alirudishwa kazini, akapewa fagio. Tawi la chama cha wafanyakazi likakutana kwenye banda la maranda na kukubaliana juu ya hoja moja: msumeno uwekewe kifuniko. Kifuniko kilikuwepo. Kililetwa pamoja na msumeno kutoka nchi rafiki, ila meneja alikipenda, akakipeleka nyumbani kwake kuchomea nyama.

Jambo zito namna hiyo halikuweza kuamuliwa Gogoni. Ilibidi lipelekwe na mjumbe kwenye Mkutano Mkuu wa Taifa wa Shirikisho la Wafanyakazi, katika mji mkuu, mbele ya Mlezi Mkuu wa Nchi, na lisikike moja kwa moja redioni. Swali likawa nani aende. Watu wote wakaanza kuchunguza kucha zao.

Sababu ilikuwa imekaa pale pale katikati yao. Ilikuwa Feruzi, mjumbe wa mkutano uliopita. Feruzi aliondoka Gogoni akiwa mtu wa mdomo, anayebishana hata na redio. Alirudi na taya lililopinda na sentensi moja: "Mkutano ulikuwa mzuri." Zaidi ya hapo hakusema kitu. Lakini sufuria ikianguka popote karibu naye, Feruzi alisimama wima na kupiga makofi.

"Ningekwenda mimi," Shamte alisema mwishowe, akiinua kigutu chake. "Tatizo nasikia huko watu wanapiga makofi sana. Mimi nitayapigaje?"

Watu walicheka, kisha wakaona haya kwa kucheka. Shamte akamgeukia Riziki. "Da Riziki, damu yangu ilikulowanisha wewe. Nenda ukaniseme."

Riziki alitaka kukataa. Alikuwa na maneno yote ya kukataa mdomoni. Lakini alipotazama kile kigutu, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Haya. Nitakwenda."

*

Habari zilipoenea kwamba Riziki amechaguliwa, majirani walimiminika nyumbani kwake kama watu wanaokuja kwenye matanga. Wanawake walileta uji na vitambaa vya kufungia majeraha. Mmoja alimkumbatia, akalia kidogo, kisha akauliza kama ile sufuria kubwa ya biriani ataiacha kwa nani.

Mumewe, Kombo, alikuwa fundi cherehani. Mtu yule hakulia wala hakushauri. Alikaa kwenye cherehani akamshonea mkewe gauni la maua lenye tabaka mbili, na katikati ya tabaka akajaza sufi ya mto, nyingi zaidi mgongoni na kwenye mbavu.

"Baba Zubeda, nitaonekana kama godoro," Riziki alisema alipolijaribu.

"Ndivyo ninavyotaka. Mtu akipiga godoro hutoka vumbi tu."

Feruzi naye alikuja kumwandaa. Alikaa kibarazani, akanywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Mwishowe akasema, "Linda kichwa. Mbavu huunga zenyewe."

"Kuna nini huko, Feruzi? Niambie, ndugu yangu."

"Mkutano ulikuwa mzuri."

"Si mkutano. Nauliza kabla ya mkutano."

Feruzi akaweka bakuli chini taratibu, taratibu sana, lisije likagonga. "Kabla ya mkutano kuna semina," alisema. Akainuka, akaenda zake bila kuaga.

*

Semina ya Kuwaandaa Wajumbe ilifanyika nje ya mji mkuu, katika ghala lililokuwa la pamba enzi nchi ilipokuwa na pamba. Walikuwamo wapasua mawe, wauguzi, makuli, walimu na waokaji mikate. Aliwapokea Katibu Mkuu wa Shirikisho, Ndugu Lugendo, mtu mwenye tumbo la uongozi na miwani myeusi, aliyevaa fulana iliyotariziwa neno MNYONGE kwa nyuzi za dhahabu.

"Ndugu wajumbe," alisema Ndugu Lugendo, "wako wachochezi wanaodai kwamba mkutanoni kwetu watu hulazimishwa kukubali. Ni uongo mtupu! Mkutanoni mtakuwa huru kabisa, na hakuna atakayewagusa. Ndiyo maana tunawalazimisha hapa."

Akamkaribisha mkufunzi, Sajini Ngwali. Riziki alitarajia jitu. Akaona mtu mwembamba, mpole wa sauti, ambaye kila alipotaka kumpiga mtu alitanguliza "samahani".

"Somo ni jepesi," Sajini alieleza. "Mtoa hoja akimaliza atasema, 'Naomba kutoa hoja.' Mkisikia maneno hayo, mnapiga makofi, mnasimama, mnasema kwa sauti moja, 'Tumeridhia!' Kwa sasa nitawakumbusha kwa mkono. Mgongoni ni makofi. Magotini ni kusimama. Kichwani ni 'Tumeridhia'. Siku chache zikipita, miili yenu itakumbuka yenyewe."

Alipofika kwa Riziki, alimgonga mgongoni na kirungu kikadunda. Sajini akakunja uso. Akatoa kisu, akapasua gauni, na sufi ikaruka ghala zima mpaka walimu wakapiga chafya. "Samahani, dada," alisema, kisha akaanza upya, pasipo sufi.

Ikawa asubuhi makofi, mchana makofi. Ngozi za migongo zilipasuka zikashikamana na nguo. Mwalimu mmoja mzee alipigwa sikioni mpaka likatoa damu, naye akaendelea kusema "Tumeridhia, tumeridhia" muda mrefu baada ya wenzake kunyamaza, kwa kuwa hakusikia tena walikoishia. Mpasua mawe aliyewahi kusimama kabla ya makofi alivunjwa goti ili asiwe na haraka. Wakati wa chakula kijiko kilianguka sakafuni, na ghala zima likainuka likipiga makofi. Hapo ndipo Riziki alipomwelewa Feruzi.

Baada ya siku kadhaa za namna hiyo, mjumbe mmoja alinyosha mkono. Aliitwa Mbaruku, mwokaji wa kiwanda cha mkate cha ng'ambo ya mto wa Gogoni, mtu mrefu mwenye nyusi zilizoungua.

"Afande, naomba kuuliza. Hoja zetu wenyewe tutazitoa saa ngapi?"

Ndugu Lugendo akasogea mbele. "Hoja zipi, ndugu yangu?"

"Sisi wa mikate tunafungiwa ndani pamoja na matanuri, kufuli likiwa nje, ili tusitoroke na mkate. Juzi juzi wenzetu walianguka kwa joto, wakafa pale pale unga ukiwa mikononi. Nimetumwa niombe mlango usifungwe."

Ndugu Lugendo alivua miwani, akafuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. "Nimeguswa," alisema. "Nimeguswa sana. Mpigeni." Sajini akainua kirungu, Ndugu Lugendo akamzuia. "Hapana, Sajini. Sisi ni chama cha umoja. Mjumbe hupigwa na wajumbe wenzake. Yule mama wa Gogoni, wa kiwanda cha virungu. Njoo, mama, tuoneshe kazi ya mikono yako."

Riziki alipewa kirungu. Mbaruku alipigishwa magoti mbele yake. Riziki akampiga begani taratibu, kama mtu anayekung'uta vumbi.

"Samahani, dada," Sajini alisema. "Huyo ni mtu, si mkeka." Akamgeukia Mbaruku, akampiga mdomoni. Damu na jino vikadondoka. "Kila pigo lako laini, mimi nitaongeza gumu langu. Chagua."

Mbaruku aliinua macho. Maneno yalitoka yamejaa damu. "Piga, dada. Lako moja ni afadhali."

Riziki akapiga. Alisikia mtulinga wa yule bwana ukivunjika begani, na mkono wake ukahisi jambo jingine lililomtisha kuliko ule mlio: kirungu kilikaa vizuri kiganjani. Kilikuwa kimekerezwa na fundi hodari. Alikitupa kwenye sufi iliyokuwa bado imetapakaa sakafuni.

Ndugu Lugendo alikuwa akipiga makofi. "Huyo ndiye mjumbe!" alipaza sauti. "Huyo ndiye atakayetoa Hoja ya Shukrani mbele ya Mlezi Mkuu!"

*

Hoja ya Shukrani ilikuwa ndefu. Ilimshukuru Mlezi Mkuu kwa kuwapa wafanyakazi kazi, kwa kuwapa uchovu unaotokana na kazi, na kwa kuwapa mikono ambayo bila uongozi wake ingening'inia tu. Riziki alikaririshwa mpaka akaijua kama jina lake.

Siku ya mkutano ukumbi ulipambwa kwa maua. Wajumbe walipakwa poda kwenye uvimbe. Mbaruku, mkono wake ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, aliwekwa nyuma ya nguzo ili asionekane redioni. Mlezi Mkuu aliingia, akaketi kwenye kiti kilichomzidi kimo, na kabla wimbo wa taifa haujaisha akawa amelala.

Riziki alipanda jukwaani. Mbele yake palikuwa na kipaza sauti, na nyuma ya kipaza sauti nchi nzima.

"Mheshimiwa Mlezi Mkuu," alianza, "sisi wafanyakazi tunakushukuru kwa kutupa mikono..."

Akakwama. Si kwamba alisahau. Neno "mikono" ndilo lililomsimamisha. Alitazama ukumbini, akaiona nguzo, na kando ya nguzo kipande cha kile kitambaa cheupe.

"Mkono wa Shamte wa Gogoni ulikatwa na msumeno," alisema. "Msumeno hauna kifuniko. Kifuniko anachomea nyama meneja. Na waokaji mikate wanafungiwa ndani na moto kama kuku, wanakufa. Mmoja wao alisema hivyo, nikaamriwa nimvunje, nikamvunja." Ndugu Lugendo alianza kukohoa kwa nguvu. Riziki akaongeza sauti. "Tunataka msumeno ufunikwe. Tunataka mlango wa matanuri usifungwe. Basi." Na kwa kuwa ndivyo alivyozoeshwa kumaliza, akamaliza, "Naomba kutoa hoja."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Ukumbi mzima ukasimama. Ukumbi mzima ukasema kwa sauti moja, "Tumeridhia!"

Wajumbe wenyewe walishtuka kusikia walichosema. Sajini Ngwali aliruka kutoka mlangoni na askari wake, wakaanza kuwashushia virungu. "Acheni! Nyamazeni!" Lakini aliyepigwa mgongoni alizidisha makofi, na aliyepigwa magotini akasimama wima zaidi. Waliopasuliwa vichwa wakapiga kelele, "Tumeridhia! Tumeridhia!" Kadiri walivyopigwa ndivyo walivyoridhia. Damu iliruka juu ya maua. Mwalimu mzee alianguka kati ya viti, na kutoka huko chini makofi yake yaliendelea kusikika. Mtangazaji wa redio, aliyekuwa ameinamia karatasi yake, akawaambia wananchi kwamba hajapata kuona hoja iliyopokewa kwa hisia kali kama hii.

Kelele zikamwamsha Mlezi Mkuu. Aliona watu wamesimama, wanashangilia, wengine wakitokwa na damu kwa furaha. Naye akapiga makofi.

"Hoja nzuri," alisema kwenye kipaza sauti. "Nami nimeridhia."

Mambo yakawa yamekwisha. Hakuna binadamu katika nchi ile aliyeweza kufuta neno la Mlezi Mkuu. Riziki alitolewa kwa mlango wa nyuma, na kwa kuwa sasa alikuwa mtoa hoja iliyopitishwa, alipigwa kwa heshima. Sajini Ngwali alimvunja mbavu mwenyewe, hakumwachia askari wa chini.

*

Serikali ilitekeleza. Meneja alirudisha kifuniko kikiwa na mafuta ya mbuzi, kikafungwa kwenye msumeno kwa sherehe na utepe. Kuanzia siku hiyo msumeno ukipata moto kiwanda kizima kilinukia nyama choma, na wafanyakazi walifanya kazi huku mate yakiwajaa.

Kwa upande wa waokaji, Ndugu Lugendo alifafanua redioni kwamba Mlezi Mkuu ameridhia mlango usifungwe. Kwa hiyo kufuli liliondolewa. Mlango ukapigiliwa misumari.

Riziki alikaa nyumbani mpaka mbavu zilipoanza kuunga, kisha akarudi kazini. Watu walimpokea kwa vigelegele. Shamte alimkumbatia kwa mkono wake mmoja, akamwachia haraka aliposikia ameguna. Na ni kweli, hapakuwa na kidole kingine kilichokatika. Kazi ilikwenda kwa kasi isiyowahi kuonekana, maana hapakuwa na haja tena ya kusimamisha mashine ili kufuta damu. Ghala lilijaa virungu hadi darini.

Siku moja meneja alipanda tena juu ya sanduku, uso umemng'aa. "Ndugu wafanyakazi, hongereni! Mmeliletea taifa kifuniko, na kifuniko kimeleta tija. Waokaji wa ng'ambo ya mto wamekufa tena kwa joto, na waliobaki wanasema Ijumaa watatoboa paa waandamane kuja hapa Gogoni kwa mkuu wa wilaya. Polisi na jeshi nchi nzima wametupa virungu vyao vyote vilivyochakaa wakisubiri vipya vyetu. Waokaji watakuwa wa kwanza kunufaika na mafanikio haya!"

Riziki alikuwa na mti kwenye mashine, unazunguka, nusu umeshakuwa mviringo. Aliutazama. Akanyosha mkono akazima mashine.

"Imeharibika?" meneja akauliza.

"Nzima, bosi. Niliyeharibika ni mimi. Sikerezi tena."

"Unasemaje?"

"Sikerezi."

Msimamizi alichukua kirungu kutoka kwenye rundo akamwendea. Hakufika. Shamte alimtandika usoni kwa mpini wa fagio, msimamizi akaanguka akishika pua. Kisha mashine moja ikazimwa, na nyingine, na nyingine, mpaka ukasikika mlio wa msumeno peke yake, na mwisho nao ukazimwa. Feruzi ndiye aliyemkamata meneja kwa ukosi na kumburura hadi kwenye banda la maranda. Alikuwa akimwambia maneno mengi njiani, kwa taya lake lile lile lililopinda, na hakuna lolote kati ya hayo lililohusu mkutano kuwa mzuri. Wafanyakazi wakafunga lango la kiwanda, wakalala humo humo.

*

Ijumaa asubuhi gari la polisi lilisimama mbele ya lango. Sajini Ngwali, aliyeletwa kutoka mji mkuu, alishuka na askari wake, mikono mitupu, wakapiga bati kwa ngumi.

"Fungueni! Waandamanaji wameshavuka mto! Tupeni virungu tuwapige!"

"Mtawapiga nani, afande?" Riziki aliuliza kutoka ndani.

"Waokaji kwanza. Kisha ninyi, kwa kutuchelewesha."

"Basi leo hatutoi mzigo."

"Dada, samahani, hiyo ni mali ya serikali!"

"Njooni mchukue."

Wakapanda ukuta. Walipoangukia ndani walikuta kila mfanyakazi ana kirungu kipya, na ghala zima nyuma yao. Nitasema ukweli: haikuwa vita, ilikuwa uchinjaji. Askari wale walijua kupiga, lakini hakuna aliyewahi kuwafundisha kupigwa. Walikimbia huku na huku wakijifunika mahali pasipostahili, wakiacha vichwa wazi. Mmoja alivunjwa mikono yote miwili kwenye ngazi ya ghala. Mwingine alijificha ndani ya pipa la gundi, akapigwa humo humo.

Sajini Ngwali alianguka miguuni pa Riziki, kiatu kimoja kimemtoka. "Dada," alisema kwa ile sauti yake ya upole, "nilikuwa natimiza wajibu."

Riziki akampiga begani. Akasikia mlio alioujua. Akampiga tena, ubavuni, na tena, na hakuona sababu ya kuacha. Mkono ulikwenda wenyewe. Kichwani mwake kulikuwa kweupe na kimya kama chumba kilichohamwa. Ilibidi Shamte aje kumkumbatia kwa nyuma.

"Da Riziki. Basi. Inatosha. Basi, dada yangu."

Alisimama akihema, akitazama mkono wake kama anayeutazama kwa mara ya kwanza, akamwogopa mwenye mkono huo.

Waokaji, waliokuwa njiani kwenda kwa mkuu wa wilaya, walifika langoni wakiwa wamejipanga kwa ajili ya kupigwa, vitambaa vyeupe vichwani, na hawakumkuta wa kuwapiga. Mbele yao alikuwa Mbaruku, bega lake limeunga vibaya, limepinda kama tawi. Alifunguliwa lango, akaingia uani, akaona askari wamelala, akamwona Sajini Ngwali anatambaa.

Riziki alimwendea. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi tangu siku ya semina, lakini sasa hayakuja. Alimnyoshea kirungu tu. "Mimi ndiye niliyekuvunja. Huyu ndiye aliyeniamuru. Sote wawili tuko hapa. Chukua."

Mbaruku alikipokea kwa mkono wa kushoto. Alikipima uzito. Sajini Ngwali akafumba macho, na Riziki naye akafumba yake. Mbaruku akakileta kirungu puani, akakinusa.

"Mti gani huu?"

"Mninga," Riziki akajibu, macho bado yamefumbwa.

"Mkavu?"

"Mkavu kabisa."

Mbaruku akawageukia wenzake. "Jamani! Ghala zima la kuni, tena kavu, tena zimekatwa kwa kipimo! Leteni mikokoteni!"

Wakavipakia vyote. Wafanyakazi wa virungu na wa mikate walisukuma pamoja mpaka ng'ambo ya mto, wakang'oa misumari, wakaung'oa na mlango, wakautia tanurini wa kwanza. Mninga uliwaka kwa moto mwekundu, mtulivu, wa siku nzima na kesho yake. Watu wa Gogoni walikula mkate wa moto mpaka wakavimbiwa, na hapakuwa na polisi wa kuwaambia wale kwa utaratibu.

Riziki alikuwa mezani kwake na Kombo na Zubeda siku ya pili waliposikia gari la jeshi likifunga breki. Kombo alisimama. Riziki akamshika mkono, akamkalisha. Mlango ulisukumwa, akaingia ofisa na askari wengi nyuma yake, wageni, waliotolewa mbali.

"Wewe ndiye Riziki Mbonde?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Uko chini ya ulinzi. Simama! Twende!"

"Ngojeni kwanza," Riziki alisema, akifunika mdomo kwa adabu. "Nina mkate mdomoni."

Ofisa aliinua mkono wa kulia juu kabisa, kwa mazoea. Akauona mtupu. Akageuka kuwatazama askari wake, nao wakatazama mikono yao. Harufu ya mkate ilikuwa imejaa chumba kizima. Mkono wa ofisa ukashuka polepole, ukatafuta mfuko, ukaingia humo. Na askari wote wakasimama pale mlangoni, wakangoja.